Sikio Halipasuki Kilindini

Kaskazi imetulia, maji yameanza kuwa meupe, na ukipita Mbwajumali, hapa kisiwani Pate, asubuhi hutawakuta vijana barazani. Wameshashuka pwani, miwani shingoni, wanapakia mafuta, maji ya kunywa na makapu, wanangoja tu nahodha aseme twende. Huu ndio msimu wa kamba. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, mawimbi huvunjika juu ya miamba, na mzamiaji haoni hata kiganja chake. Kwa hiyo miezi hii michache ya maji matulivu ndiyo ya kuokoa mwaka mzima. Ada ya shule, deni la injini, mahari ya mtu, yote yanamngoja kamba.

Nami leo nataka tuzungumze habari za masikio. Si masikio ya wale wasiosikia la mkuu, hao wana kipindi chao. Ni sikio lenyewe, la nyama na mfupa, la kijana anayezamia kwa pumzi moja.

Kwa msikilizaji aliye bara, ambaye kamba amemwona kwenye sahani ya hoteli tu, niieleze kazi yenyewe. Mzamiaji wa visiwa vyetu, kuanzia Pate, Ndau na Kiwayu hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, hana mtungi wa hewa mgongoni. Ana miwani ya kioo inayofunika macho na pua, mapezi ya mpira miguuni akijaliwa, na kijiti. Kwenye ncha ya kijiti amefunga pweza. Mchana kamba hujificha ndani ya pango la mwamba, na hana adui anayemwogopa kama pweza, kwa kuwa pweza humla. Mzamiaji humwingiza pweza upande mmoja wa pango, kamba akatoka mbio upande wa pili, akakutana na wavu. Ukiisimulia hivyo ni kazi ya dakika moja. Na kweli ni ya dakika moja, maana pumzi ni hiyo tu. Lakini dakika hiyo hurudiwa tangu asubuhi hadi alasiri, chini, juu, chini, juu, na kila akishuka sikio linadai haki yake.

Muulize mzamiaji yeyote kwa nini masikio huuma, atakujibu neno moja: kina. Kwamba ukienda mbali sana chini, bahari inakulemea, sikio linashindwa, linapasuka. Jibu hilo lina ukweli nusu, na ile nusu isiyo kweli ndiyo inayoumiza watu. Sikio halipasuki kilindini. Mara nyingi huumia karibu na juu, katika pima mbili tatu za kwanza, pale ambapo aliyesimama kwenye mashua bado anaiona rangi ya kaptula yako.

Jaribio lake halihitaji maabara. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, ya nusu lita. Ukiwa juu, ifunge kifuniko sawasawa, kisha mpe mzamiaji ashuke nayo. Kabla hajafika popote utaona mbavu za chupa zimebonyea. Akifika mita 10, yaani pima tano na nusu hivi, hewa iliyo ndani imebaki nusu ya ilivyokuwa, na chupa imejikunja. Akifika mita 20 imebaki thuluthi. Mita 30, robo. Hesabu hii aliiandika Robert Boyle mwaka 1662, na bahari haijaivunja hata siku moja. Itazame vizuri. Mita 10 za mwanzo zimekula nusu nzima ya hewa. Mita 10 zilizofuata zimeondoa sudusi tu. Zilizofuata tena, nusu ya sudusi. Ghasia yote iko mlangoni. Aliyevuka salama pima tano za kwanza, masikio yake yakiwa yamefunguka, huko chini anasumbuliwa zaidi na pumzi kuliko sikio.

Sasa badala ya chupa weka kichwa chako. Mwisho wa tundu la sikio, kule usikofika ukijikuna, kuna kiwambo. Upana wake haufiki sentimita moja kamili, na unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa. Bahari inakisukuma kiwambo kutoka nje, na hewa ya chumbani ndiyo inayokishikilia kutoka ndani. Hewa hiyo ikisinyaa kama ilivyosinyaa ile ya chupani, kiwambo hakina wa kukiegemeza. Hujikunja kuelekea ndani, hapo ndipo unapohisi kama umechomwa na sindano. Ukizidi kushuka hutoka damu, na ukizidi tena hupasuka.

Mwenyezi Mungu hakukiacha chumba hicho bila njia. Kuna mrija mwembamba, urefu wake kama sentimita tatu na nusu kwa mtu mzima, unaotoka chumbani humo hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Madaktari huuita mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16 aliyeueleza kwa makini. Mrija huu kwa kawaida umefumba. Hufunguka mara moja unapomeza mate au kupiga miayo, ukasikia kile kimlio kidogo, tik, kisha hufumba tena. Kazi yote ya sikio la mzamiaji ni moja tu: kuufungua mrija huo kwa wakati, hewa iingie chumbani, kiwambo kirudi mahali pake.

Neno ni hilo, kwa wakati. Wazamiaji wengi tunaowaona hushuka mpaka sikio liume, ndipo wakashika pua na kupuliza. Wamechelewa. Mrija una tabia ya mlango wa mbao uliolowa mvua ya masika. Shinikizo likishazidi kiasi, kama lile la maji ya mita moja na kitu, mdomo wa mrija hubanwa na kufumba kabisa, na hapo hata upulize kwa nguvu za punda haufunguki. Mtu hupuliza, akapuliza tena, macho yakamtoka, huku anaendelea kuzama. Dawa ni kupanda kidogo, nusu pima au pima moja, mbano ulegee, ufungue taratibu, ndipo uendelee. Lakini nani atakayepanda na ameshaziona sharubu za kamba zinachezacheza mlangoni mwa pango?

Huko kupuliza kwa nguvu nako kuna madhara yake, mabaya kuliko ya kiwambo. Ndani zaidi ya chumba kile kuna sikio la ndani, lenye maji, ambalo ndilo linalosikia na ndilo linaloshika mizani ya mwili. Limetenganishwa na chumba cha hewa kwa vidirisha viwili vidogo mno. Nguvu ya kupuliza ikipita kiasi, kidirisha hupasuka. Kiwambo kilichopasuka mara nyingi hujifunga chenyewe. Sikio la ndani likiharibika, usikivu wake unaweza usirudi maisha.

Nikiyasema haya pwani, mzee mmoja atacheka. Atasema: sisi yalipasuka utotoni, yakatoka usaha, yakapona, na tangu siku hiyo hayakuuma tena. Ndipo tulipokuwa wazamiaji. Usemi huu si wa Pate pekee. Wabajau wa bahari ya Ufilipino, Malaysia na Indonesia, watu wanaojulikana dunia nzima kwa kuzamia, wameelezwa mara nyingi kuwa huyaachia masikio yapasuke wangali wadogo ili wamalizane nayo. Na Wagiriki wanacho kisa chao. Mwaka 1913 manowari ya Italia, Regina Margherita, ilipoteza nanga karibu na kisiwa cha Karpathos, kwenye maji ya mita zaidi ya 70. Akapatikana mzamia sifongo wa kisiwa cha Symi, aitwaye Haggi Statti, mwembamba, hana maajabu ya kumtazama. Akashika jiwe likamshusha, akaifikia nanga. Madaktari wa manowari walipompima walikuta sikio moja halina kiwambo kabisa na la pili limetoboka.

Kijana akisikia kisa hicho husema: unaona? Nami naona jambo lingine. Madaktari haohao walieleza pia kuwa Statti alikuwa hasikii vizuri. Na kingine, Statti ameandikwa kwa sababu alirudi juu. Aliyetoboka masikio akapotelea chini hakuandikwa na mtu.

Maana sikio lililotoboka lina hila yake. Maji ya bahari yakipenya kwenye tundu yakaingia chumbani, huwa baridi kuliko damu ya mwili. Ubaridi huo ukifika upande mmoja tu wa kichwa, ile mizani ya sikio la ndani huchanganyikiwa. Kinakuja kizunguzungu kikali, dunia inazunguka, juu na chini havijulikani. Kwa mtu aliyekaa kwenye mkeka ni kutapika tu. Kwa mtu aliye pima nane chini na pumzi inayoishia, ni jambo jingine. Likikukuta, shika mwamba kama upo karibu, usipige miguu ovyo. Maji yakipata joto la mwili kizunguzungu hupungua. Ukilazimika kupanda nacho, toa kipovu kimoja cha hewa ukitazame kinaelekea wapi. Kipovu hakipotei njia.

Nirudi kidogo kwa wahenga, maana jambo hili lilizungumzwa zamani kuliko tunavyodhani. Al-Masudi wa Baghdad, msafiri aliyefika pwani hii ya Zinji mwaka 916, aliandika pia habari za wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi. Akasema kwamba hupasuliwa shina la sikio ili wapumulie humo, kwa kuwa pua zao zimebanwa kwa kibanio cha gamba la kasa. Wengi wameicheka habari hiyo, maana hakuna anayepumua kwa sikio. Mimi naona al-Masudi hakudanganywa sana, alielezwa vibaya tu. Kaa karibu na mzamiaji aliyetoboka kiwambo, mwambie apenge kamasi. Utasikia hewa ikitoka sikioni, fsss, kama tairi la baiskeli. Mtu wa bara aliyeiona hali hiyo miaka elfu moja iliyopita angesema nini, kama si kwamba jamaa anapumua kwa sikio? Ina maana wazamia lulu nao walikuwa wametoboka, tena kiasi cha kuonekana kuwa ndiyo desturi yao.

Na wazamia lulu hao hawakuwa wageni wetu watupu. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, watu waliotekwa Afrika Mashariki na kupelekwa Ghuba kwa majahazi walitiwa katika kazi hiyo, wakazamia kwa faida ya waliowamiliki. Biashara ilikuja kuanguka miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipojaza soko na dunia nzima ilipokuwa imefilisika. Masikio ya watu wetu yaliyobaki huko hayakuhesabiwa katika daftari lolote la lulu.

Kile kibanio cha pua, hata hivyo, kilikuwa na akili ndani yake. Pua ikibanwa na kibanio, mikono miwili inabaki huru. Mzamiaji wetu ana kijiti na pweza mkono huu, wavu mkono ule. Pua ataishika na nini? Ndiyo maana wengi huacha kufungua masikio si kwa kutojua bali kwa kukosa mkono. Wanaofundisha uzamiaji wa pumzi siku hizi wanasema jambo dogo: funga wavu kiunoni wakati wa kushuka, mkono mmoja uwe puani tangu juu ya maji mpaka ufike, kisha ndipo uushike wavu. Fundo la dakika mbili mashuani, na tatizo la karne limepungua.

Haya, tufanye zoezi. Kama umekaa nyumbani na huendeshi bodaboda, tufanye pamoja.

Kwanza, ile njia ya kila mtu: shika pua, funga mdomo, puliza taratibu kutoka kifuani. Umesikia masikio yamejaa? Njia hii inaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva wa Bologna, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu sikio. Yeye hakuwa na habari na kuzamia. Alitaka kutoa usaha katika masikio ya wagonjwa. Ni nzuri mtu akiwa amesimama. Tatizo ni kwamba mzamiaji anashuka kichwa mbele, miguu juu. Hewa ya mapafu nayo inakimbilia juu, upande wa tumbo na miguu, na kifua kinabanwa kila pima moja. Kuisukuma hewa hiyo irudi kichwani ni kazi ya misuli ya tumbo, na misuli ikikaza shingo nayo hukaza. Ndiyo maana mtu anayefungua masikio vizuri akishuka kwa miguu, akigeuza kichwa chini tu hushindwa. Si ugonjwa. Ni njia isiyofaa kwa kazi ile.

Pili, shika pua umeze mate. Hii ni ya Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa London katika karne ya 19. Ni ya upole, haijeruhi mtu, na ukisikia tik basi jua mrija wako ni mzima. Lakini mita nyingi haikufikishi.

Tatu ndiyo ninayoiombea dakika zako. Shika pua. Sasa fanya kama unataka kusema neno "kamba", lakini ishia kwenye ile k ya mwanzo, usiitoe. Unahisi nyuma ya ulimi imeziba koo? Kifua chako kimetulia, hakipulizi. Liache koo likiwa limefungwa, sukuma nyuma ya ulimi juu, kama bomba la kujazia upepo. Pua itatutumka chini ya vidole, na masikio yatalia tik yote mawili. Tumbo halikufanya kitu. Hewa iliyotumika ni ile iliyokuwa mdomoni tu, na ndiyo maana si rahisi ivunje sikio la ndani, na ndiyo maana inafanya kazi hata kichwa kikiwa chini. Njia hii aliifundisha daktari Mjerumani, Hermann Frenzel, mwishoni mwa miaka ya 1930. Hakuwafundisha wavuvi. Aliwafundisha marubani wa ndege za kivita zilizokuwa zikitumbukia chini kwa kasi kudondosha mabomu, maana nao masikio yalikuwa yakiwaua. Ni ajabu kidogo kwamba maarifa yanayomfaa mvuvi wa Pate yalitoka huko, lakini maarifa hayaulizwi baba yake.

Usikate tamaa kama hukufaulu sasa hivi. Wengi huchukua siku kadhaa, wengine wiki. Uzuri wake ni kwamba hujifunzii majini. Unajifunza ukisubiri chai, ukiwa kitandani, ukiwa kwenye boti ya Lamu mmekwama kwenye mlango wa bahari wa Mkanda mnangoja maji yajae. Wala hakuna anayejua unafanya nini, ila utaonekana mtu wa kushikashika pua.

Ukifika baharini, fungua mara ya kwanza ukiwa bado juu ya maji, kabla hujainama. Kisha fungua tena kichwa kinapozama, na tena kila mita moja katika zile pima tano za fujo. Usingoje kuumwa. Kuumwa ni dalili kwamba umeshapitwa. Na shingo yako uiache ilegee, kidevu kikiwa karibu na kifua. Mzamiaji wa kamba ana mazoea ya kuinua uso atazame pango lilipo. Shingo ikijinyoosha hivyo, mrija nao hunyooshwa na kubanwa. Lipime pango ukiwa juu, halafu shuka ukitazama ulikotoka. Na mwenye sikio gumu, tena kila mmoja ana moja gumu kuliko jingine, aanze kwa kushuka miguu mbele akishika amari ya nanga. Hewa itapanda yenyewe. Hakuna aibu katika hilo, hata kama wenzako watasema unashuka kama mwanamke mjamzito kwenye ngazi.

Kuna miwani pia. Ile midogo ya kuogelea, inayofunika macho peke yake, si ya kuzamia. Hewa iliyo ndani yake husinyaa vilevile, na kwa kuwa pua iko nje huna njia ya kuijaza. Ndipo mtu anapanda macho yamevilia damu. Miwani iwe na pua ndani, na ukishuka toa pumzi kidogo puani. Na masikioni usitie kitu. Pamba, nta, mpira, vyote hivyo huacha hewa kati ya kizibo na kiwambo, hewa ambayo hakuna mrija wa kuifikia, na kizibo chenyewe hunyonywa ndani.

Nimezungumza kama kwamba tatizo ni ujuzi. Sehemu kubwa ni mafua.

Mtu mwenye mafua, mrija wake umevimba na umejaa makamasi. Asizamie. Neno hilo moja lingeokoa masikio mengi kuliko yote niliyosema, na ndilo gumu kulitii. Tajiri anayenunua kamba hangoji upone. Msimu haungoji. Kijana humeza vidonge vya kukausha pua, au hunyunyiza dawa puani, akashuka vizuri. Saa zikapita, dawa ikaisha nguvu akiwa chini, mrija ukafumba tena huku hewa iko chumbani. Sasa anapopanda hewa ile inatanuka na haina pa kutokea, na sikio linauma kwenda juu, ambako hakuna hiari ya kusubiri, maana pumzi imekwisha. Anayetegemea dawa za pua ili azamie anakopa asichoweza kulipa. Sigara nayo, kwa taarifa ya wanaovuta mashuani, huuwasha na kuuvimbisha mrija huohuo.

Na likishapasuka? Dalili zake ni maumivu makali ambayo ghafla hukatika, maji baridi kuingia ndani, damu kidogo, na sikio kusikia kama limo ndani ya mtungi. Toka majini. Usirudi siku hiyo, wala kesho. Usitie mafuta ya taa, usitie mafuta ya nazi ya moto, usitie maziwa ya mama, usichokoe. Likae kavu. Ukioga, ziba kwa pamba uliyoipaka mafuta mazito kwa nje tu, kisha uitoe. Viwambo vingi hufunga vyenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi miwili, ilimradi maji hayaingii na usaha haukuanza.

Hapa nisikilizeni kina mama na wauza dawa. Ziko dawa za matone ya masikio zenye jentamaisini au neomaisini. Zinauzwa sana, na kwa sikio lenye kiwambo kizima zina kazi yake. Kiwambo kikiwa kimetoboka, dawa hizo zaweza kufika sikio la ndani na kuua usikivu, taratibu, bila maumivu. Usiende dukani ukasema nipe dawa ya sikio. Nenda hospitali ya Faza, mtu akuchunguze kwa taa aone tundu lipo au halipo, ndipo upewe dawa. Na kama kuna kizunguzungu kisichokwisha, au kutapika, au mlio mkali sikioni, au sikio limekufa kabisa, hiyo si ya kungoja maji yajae kesho. Hiyo ni boti ya siku hiyohiyo kwenda Lamu, na kutoka huko Mombasa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Umewahi kukaa na mzamiaji mstaafu barazani? Tazama anavyochagua pa kukaa. Atataka ukuta uwe upande wake wa kushoto, au wa kulia, kutegemea sikio lipi limebaki. Ukimwamkua kutoka upande mwingine hajibu, na mgeni atadhani ana kiburi. Kijana aliyelelewa vizuri huzunguka kwanza, akamkalia upande unaosikia, ndipo akasema, "Shikamoo, ami." Nyumbani mkewe anapaza sauti, majirani wanadhani kuna ugomvi kila siku. Injini za boti nazo zimemaliza kilichobaki. Hiki ndicho tunachokiita masikio yaliyopona.

Sasa, nani atamlipia kijana siku za mafua? Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipo, si kwenye ulimi na koo. Mashua ina mgao wake: fungu la chombo, fungu la injini, na mafungu ya watu. Asiyezama hapati, au anapata kidogo. Kwa utaratibu huo kila mwenye mafua atazama, na mimi ningekuwa na mahari ya kutafuta ningezama pia.

Lakini kila mashua inahitaji mtu wa juu. Mtu wa kutazama vichwa vinavyoibuka, kuhesabu nani yuko chini na kwa muda gani, kusogeza chombo mkondo ukivuta, kumdaka anayepoteza fahamu pumzi ilipomwishia, maana hilo nalo hutokea, na mara nyingi hutokea pima mbili kabla ya kufika juu au hata baada ya kufika. Kazi hiyo leo mara nyingi hupewa mtoto au haifanywi na mtu. Kama nahodha angesema kwamba mtu wa juu ana fungu kamili sawa na aliyezama, na kwamba nafasi hiyo kwanza ni ya mwenye mafua au mwenye sikio linalouma, basi kijana angesema ukweli asubuhi kabla ya nanga kung'olewa. Chombo hakipotezi mtu, kinapata macho.

BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, zina kanuni za nyavu, zina habari za kamba mdogo na jike mwenye mayai, na kanuni hizo zinasimamiwa. Hii ya fungu la mtu wa juu haihitaji serikali wala wafadhili. Inahitaji manahodha wachache wa Mbwajumali, Kizingitini na Faza wakae baada ya swala ya Ijumaa, kabla maji mafu mengine hayajaingia na mashua hazijatoka, wakubaliane fungu hilo ni kiasi gani na litolewe kwenye sehemu ipi, ya chombo au ya watu. Mimi ningesema ya chombo. Wenye vyombo najua hawatapenda, na simu za studio ziko wazi.